Sura Tatu za Mwisho

Kitabu kilikatwa na Shiundu mwenyewe, kwa kisu cha jikoni, mchana kweupe, mbele ya watu wazima watatu waliokalia viti vya watoto wa nasari. Nafula alifumba macho. Miaka sita mizima alikuwa akiwagombeza watoto kwa kukunja ncha za kurasa, na sasa anamwona baba wa watu anapasua riwaya katikati ya mgongo kama anayechuna sungura. Lakini wangefanyaje, jamani? Nakala ilikuwa moja. Maduka ya vitabu mjini yalikuwa yameishiwa tangu mwezi wa pili. Maktaba ilikuwa na nakala mbili, na zote zilikuwa zimeazimwa na wale watu wasiojua kurudisha vitu vya wenyewe. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Watu wanne, kitabu kimoja, sura kumi na mbili. Shiundu aliyekuwa dereva wa lori la mkate, mtu wa mahesabu ya haraka, akakigawa vipande vinne vya sura tatu tatu. Kila kipande kikashonwa kwa uzi wa gunia na kuvikwa jalada la karatasi ya pakiti ya unga.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Unakaa na kipande chako wiki mbili, unakisoma, unachambua wahusika na maudhui. Jumapili baada ya ibada mnakutana katika darasa la Nafula, nyuma ya kanisa, hapo Kayole, unawasimulia wenzako yaliyotokea, unawasomea uchambuzi wako, nao wananakili. Kisha mnabadilishana vipande. Utaniuliza, na mwongozo je, ile miongozo inayouzwa kila kona? Shiundu aliipiga marufuku. "Mwongozo ni wa wavivu," alisema. "Sisi tuna vichwa vyetu." Na vichwa walikuwa navyo kweli, hilo sikatai. Ila kiburi nacho kilikuwepo, tena cha kutosha, na walikuja kukijutia.

Wanne hao walikuwa Shiundu wa lori. Mwanamke aitwaye Wangu, aliyeuza mitumba karibu na steji ya Spine Road na ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo tangu azaliwe. Kisilu, fundi wa kuchonga, mtu wa Mwingi, mpole. Na Nafula, mwenye darasa.

Huyu Nafula ndiye ninayetaka mmjue. Mwaka huo wa 1995 alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kuita watoto hadi ng'ambo ya barabara. Shule aliiachia kidato cha tatu baba yake alipofariki. Akaja Nairobi kwa shangazi yake, na kwa miaka minne kazi yake ikawa kusimama alfajiri kwenye malango ya viwanda pamoja na wanawake mia moja wengine, akingoja mnyapara anyooshe kidole: wewe, wewe, na wewe. Siku nyingi kidole hakikumfikia. Alikuwa akirudi nyumbani saa nne asubuhi, njaa inamkata, na aibu ya kuonwa na majirani akirudi mapema namna hiyo. Kanisa lilipofungua nasari akaombwa ashike watoto wiki mbili tu, mpaka apatikane mwalimu. Wiki mbili hizo zikawa miaka sita. Akajua kwamba alizaliwa kwa kazi hiyo. Mtoto anayelia mlangoni asubuhi, Nafula akimshika mkono tu, kilio kinakatika.

Halafu mwezi wa kwanza mwaka huo mwalimu mkuu, Bi Ayuma, akamwita ofisini. Bi Ayuma si mtu wa kuzungusha maneno.

"Nafula, wakubwa wa elimu wamesema hakuna mwalimu asiye na cheti. Nimekuombea nafasi katika chuo cha walimu wa nasari. Wanataka cheti cha kidato cha nne, na kwa Kiswahili wanataka C. Ukiileta, darasa ni lako mpaka uzeeke. Usipoileta, mwanangu, mimi sina la kufanya. Nitampa mwingine."

Hapo ndipo alipojiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Masomo mengine hayakumtisha. Lugha yenyewe aliimudu. Kilichomtisha ni ile karatasi ya fasihi, na katika karatasi hiyo swali la riwaya lilikuwa la lazima. Kila alipolifikiria aliliona lile lango la kiwanda, na kile kidole.

Riwaya yenyewe ilikuwa kongwe, ya kusomeshwa miaka na miaka, na wote waliiita kwa jina la mhusika wake mkuu, Mkejina. Mkejina ni mwanamke wa pwani aliyeachiwa shamba la minazi na baba yake. Kaka yake, Sefu, akalichukua kwa hila, na mwanamke asiseme neno. Sura baada ya sura, yeye kimya. Katika sura ya tano, iliyokuwa katika kipande cha Nafula, Sefu anaoa kwa mali ya shamba lile lile, na Mkejina ndiye anayewanawisha wageni mikono. Nafula alisoma ukurasa huo mara tisa. Wacheni nyinyi! Alikuwa akizungumza na yule mwanamke kama jirani: "Sema basi, mama. Mbona husemi?"

Darasani waligombana juu ya ukimya huo mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia.

"Ni mjinga huyo," Wangu alisema. "Mtu akuchukulie shamba na wewe umwagie maji wageni wake? Mimi ningemmwagia hiyo maji usoni."

"Si ujinga," Nafula alimjibu. "Anangoja. Kuna watu nguvu zao ziko katika kungoja."

"Anangoja nini, Mwalimu?"

Jibu lilikuwa katika kipande cha mwisho, ambacho walikubaliana kisifunguliwe mpaka vile vitatu viwafikie wote, na kura ya kukisoma kwanza ilimwangukia Kisilu.

Sasa Kisilu alikuwa na mke, Mbeti, na mwezi wa sita Mbeti akaanza kuvimba miguu. Ikawa ni moyo. Akalazwa hospitali kubwa, kitanda kimoja na mgonjwa mwenzake, wamelala kichwa huku na kichwa kule. Miaka ishirini na tisa tu, ana mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, Muthoki. Mbeti hakusoma sana, lakini alipenda hadithi kupita kiasi, na hadithi ya Mkejina alikuwa ameifuata tangu sura ya kwanza, kwa sababu kila kipande kilichofika nyumbani Kisilu alimsomea. Sefu alimwita "mbwa yule." Hata wodini akiulizwa hali alijibu, "Mimi niko tu. Mbwa yule amefikia wapi?"

Basi Kisilu akawa anakwenda na kipande cha mwisho wodini kumsomea mkewe. Wiki mbili zikapita, zikawa nne. Shiundu alitaka kukidai, Wangu akamkemea: "Mwache amsomee bibi yake, wewe huna utu?" Hakuna aliyethubutu tena kukiulizia. Kipande hicho kikawa ndicho pekee kisichozunguka. Badala yake, Jumapili moja ya mwezi wa nane, Kisilu akaja na uchambuzi wake umeandikwa kurasa sita, akasimama mbele ya ubao, akawasimulia mwisho.

Kisilu wa siku zote alikuwa mtu wa maneno matatu kwa saa. Siku hiyo alizungumza nusu saa nzima. Akawaeleza jinsi Mkejina alivyoamka siku moja, akajifunga kanga, akaenda barazani kwa kadhi bila shahidi na bila hati. Kadhi akamuuliza, "Una ushahidi gani?" Naye akaanza kuitaja minazi mmoja mmoja: huu alipanda baba mwaka niliozaliwa, huu mwaka wa ndui, huu tulipomzika mama. Mia moja na arobaini, bila kukosea hata mmoja. Sefu akaulizwa ataje mitano tu, akashindwa, akaanguka miguuni pa dada yake. Mkejina akarudi shambani, akaangua dafu, akanywa, akacheka. Mwisho.

Wangu alipiga meza kofi. "Amemkomesha! Haki amemkomesha!"

Nafula alikuwa analia waziwazi bila hata kujificha. Alichukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MKEJINA NI JASIRI. UKIMYA WAKE NI KUJIANDAA. Kuanzia siku hiyo alisoma kwa furaha. Aliandika insha kumi juu ya Mkejina, akazikariri. Akilala aliota minazi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza lile lango la kiwanda likatoka machoni mwake, akawa anasema moyoni, nitapita, Mungu wangu, hii nitapita.

Jumanne na Ijumaa alipita hospitalini na uji kwenye chupa. Siku moja Mbeti, ambaye sasa alipumua kwa shida na kukaa kwa kuegemezwa mito, alimshika kiwiko.

"Dada, niambie wewe. Mkejina alipata shamba lake?"

"Alipata! Kwani Fundi hajakwambia?"

"Aliniambia. Nataka unisimulie na wewe."

Nafula akamsimulia yote, na kwa madaha, sauti ya kadhi akiitoa nene, Sefu akimwigiza anavyoanguka, mpaka yule mgonjwa wa upande wa pili naye akageuka kusikiliza. Mbeti akatabasamu, akamwachia kiwiko, akasinzia. Alifariki tarehe ishirini na tano mwezi wa tisa, asubuhi, Kisilu akiwa njiani kwenda kumwona. Woi, huyo mwanamume aliisha. Mkewe walimzika Mwingi. Aliporudi alikuja darasani Jumapili zote zilizobaki, akakaa nyuma, koti kalifunga mpaka shingoni. Walimwonea huruma, wakamwacha.

Mtihani wa fasihi uliandikwa katika ukumbi wa shule moja ya upili upande wa Donholm, mchana, jua kali. Nafula alikwenda kwa miguu kutoka Kayole kusudi apate kurudia insha zake njiani. Mdomo ulikuwa unamcheza, watu wakamwona kama mtu anayesali. Alikaa safu ya tatu. Shiundu alikuwa kushoto kwake, Wangu nyuma, na mbele kabisa karibu na dirisha aliona mabega ya Kisilu. Karatasi zikagawiwa. Akafungua, akalitafuta swali la lazima.

"Kifo cha Mkejina si kushindwa." Thibitisha ukweli wa kauli hii ukirejelea sura tatu za mwisho. Alama ishirini.

Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu akiweka kidole chini ya kila neno, vile anavyowafundisha watoto wake. Kifo. Kifo cha nani? Mkejina yuko shambani anakunywa madafu! Amekufa lini? Jasho likamtoka mgongoni. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba waliotunga mtihani wamekosea, kwani wao si binadamu? La pili, kwamba kuna Mkejina mwingine katika kitabu kingine. La tatu hakutaka kuliacha liingie, lakini liliingia tu.

"Ngai!" Wangu alisema nyuma yake, kwa ile sauti yake.

"Wewe wa nguo nyekundu, nikisikia neno jingine unatoka nje," msimamizi alisema.

Shiundu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nafula akamtazama Kisilu, akimwomba kwa macho ageuke, aonyeshe ishara, afanye chochote. Kisilu hakugeuka. Wala hakuwa anaandika. Alikaa hivyo, mikono magotini, nusu saa, kisha akasimama, akampelekea msimamizi karatasi, akatoka. Msimamizi aliipindua akaona nyeupe upande wa mbele na wa nyuma, akatikisa kichwa.

Hasira ilimpanda Nafula akataka kupiga kelele. Insha kumi! Insha kumi alizozikariri kwa miezi mitatu, na hakuna hata sentensi moja inayofaa. Angeandika kwamba hakufa, ni sifuri. Asingeandika kitu, ni sifuri pia. Basi akaamua kumuua Mkejina mwenyewe.

Lakini atamuuaje mtu ambaye hajui aliuawa na nini? Nafula alikuwa amekiona kifo kimoja tu kwa karibu mwaka huo. Kwa hiyo akampa Mkejina miguu iliyovimba. Akamlaza wodini, kichwa huku na mwenzake kichwa kule, katika kijiji ambacho kwenye sura zote tisa alizosoma hakina hata zahanati. Akamtilia uji kwenye chupa. Alijua anaandika upuuzi na mkono ukaendelea. Kisha akafika mahali pa kuthibitisha kwamba kifo hicho si kushindwa, na hapo kalamu ikakataa kabisa. Si kushindwa vipi? Mtu amekufa na miaka ishirini na tisa, mtoto wake anauliza mama atarudi lini, huo ni ushindi wa nani? Nafula hakuamini hata neno moja la kauli ile. Aliandika kwamba ni ushindi, mistari minne, kwa sababu ya alama, na alijichukia wakati akiiandika. Kengele ikalia kabla hajaweka kituo.

Nje ya lango Wangu alikuwa tayari amefunga leso kiunoni. "Leo atanieleza! Hata kama amejificha uvunguni nitamtoa!"

Walikwenda wote watatu mpaka kwenye ploti aliyopanga Kisilu. Mlango ulikuwa na kufuli. Nurto, mama mwenye duka la chini, aliwaambia kwamba Kisilu ameondoka na begi moja, mtoto kambeba mgongoni, anasema wanakwenda Mwingi kwa mama yake. Wangu alilipiga lile kufuli teke mpaka akaumia kidole cha mguu. Nafula aliketi kwenye ngazi, akajua kwamba ameanguka mtihani.

Bi Ayuma alikuwa mtu mwema. Alimwachia darasa mpaka matokeo yatoke. Nafula alifundisha mwezi wa kwanza na wa pili akiwatazama watoto mmoja mmoja, anawahesabu mara mbili bila sababu. Aliomba. Alifunga siku tatu. Alimwambia Mungu kwamba hataki makuu, anataka herufi moja tu, ya tatu kutoka mwanzo. Mwezi wa tatu akaenda Donholm kuchukua karatasi yake, akaiangalia hapo hapo kwenye dawati la karani. Kiswahili: D.

"Nimekupigania, Nafula," Bi Ayuma alimwambia siku hiyo, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Nimeongea mpaka wamenichoka."

"Najua, Mwalimu."

"Swali gani lilikushinda? Wewe na Kiswahili chako?"

"Sikujua mwisho wa kitabu," Nafula alisema.

Mwalimu mpya alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, ana cheti, ana adabu, hana kosa lolote, na Nafula alimchukia kwa moyo wake wote kwa siku mbili kabla ya kuona haya. Akamkabidhi rejista. Akamwonyesha ni nani hulia asubuhi na ni nani asiyekula maharagwe. Akachukua mwavuli wake akaondoka, na watoto walikuwa wanaimba, hawakuona.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri, alikuwa langoni. Wanawake walikuwa wengi kuliko zamani na wengi wao walikuwa wasichana. Mnyapara alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Wewe, wewe, na wewe. Kidole kilimpita Nafula bila hata kusitasita. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Jumatano hiyo, akirudi saa nne asubuhi na kanga kaivuta mpaka kwenye paji la uso, Wangu alimwita kutoka kwenye rundo la mitumba.

"Mwalimu! Yule mtu wako amerudi. Jana jioni. Mimi nimeapa nikimwona nitafungwa, kwa hivyo nenda wewe kwanza."

Nafula hakupitia nyumbani. Karatasi ya matokeo ilikuwa kifuani, ndani ya nguo, ilikaa hapo tangu ile siku. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno yake. Alikuwa ameyapanga tangu mwezi wa kumi na moja. Alitaka kumbandika Kisilu ile karatasi usoni, aione ile D, amwambie: hii ni kazi yako, umenirudisha langoni, umeninyang'anya watoto arobaini, nilikukosea nini?

Kisilu alikuwa amekaa mlangoni pake akimpiga msasa twiga wa mti. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Alimwona, akasimama, akampa kigoda chake.

"Karibu, Mwalimu."

"Nipe kipande," Nafula alisema, bila kukaa.

Kisilu aliingia ndani akatoka nacho. Jalada la pakiti ya unga lilikuwa limechakaa, limelainika kwa jasho la mikono. Nafula akasoma akiwa amesimama pale pale, jua linamchoma utosi. Hakukuwa na kuhesabu minazi. Mkejina alikwenda kwa kadhi kweli, lakini kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, naye akaugua homa katika chumba cha uani kwa kaka yake. Alikufa katika sura ya kumi na moja, alfajiri, peke yake, mlango umefungwa. Hukumu ilikuja katika sura ya kumi na mbili: shamba ni lake. Sefu alikwenda kuisoma kaburini.

"Ulikuwa unajua," Nafula alisema. "Ulisimama mbele yetu ukatutungia uongo. Kwa nini, Fundi? Mimi nilikufanyia nini?"

Kisilu alikaa chini kwenye kizingiti.

"Nilikuwa namsomea Mbeti," alisema. "Nikafika pale anapofungiwa chumbani. Mbeti akaniuliza, 'Atakufa?' Alikuwa amenishika hivi. Nikamwambia hapana. Nikaendelea kusoma lakini sisomi, natunga. Nilitunga siku tatu. Ile minazi niliitunga huku nimetazama karatasi."

"Hilo nakubali. Huyo ni mkeo. Na sisi?"

"Nyinyi mlikuwa mnamtembelea. Wewe kila Jumanne na Ijumaa, na kila mkikaa ni Mkejina, Mkejina. Ningewaambia ukweli, mngemficha? Labda Shiundu angeweza. Wewe ungeweza?"

Nafula alikifunga kile kipande.

"Mbeti mwenyewe hakuniamini, Mwalimu. Alinijua. Alisema, 'Baba Muthoki, wewe unanidanganya kwa sababu naumwa.' Siku mbili alinigeuzia mgongo. Halafu Ijumaa moja nakuja namkuta anacheka. Ananiambia, 'Mwalimu amekuja, nimemuuliza. Mwalimu hajui kudanganya, uongo wake unaonekana usoni kama wa mtoto. Ni kweli, Mkejina amepata shamba.' Akaniomba msamaha." Alipangusa pua kwa kiganja. "Alilala vizuri mpaka mwisho."

Hapo Nafula akakaa kwenye kile kigoda.

"Na baada ya kuzika? Tulikuwa na wiki sita, Fundi. Wiki sita!"

"Kila Jumapili nilikuja nacho ndani ya koti. Nakuta umeandika ubaoni ule mwisho wangu, unaueleza kwa furaha, na mimi nasikia kama Mbeti yupo mahali anausikiliza. Najiambia Jumapili ijayo. Jumapili ijayo. Ni woga, Mwalimu, sina jina lingine la kuupa. Nilipoona lile swali nilijua jibu lote. Nikasema siwezi kuliandika nipate mimi na nyinyi mkose." Akainua macho, na yalikuwa mekundu. "Nimesikia matokeo yametoka. Niambie ukweli. Ulipita?"

Karatasi ilikuwa kifuani. Nafula aliisikia kona yake ikimchoma. Maneno yote aliyoyapanga miezi minne yalikuwa tayari mdomoni, na hasira bado ilikuwepo, msidhani iliondoka. Aliwaona watoto wake wakiimba. Alimwona mnyapara na kidole chake. Akamwona Mbeti amemwachia kiwiko anasinzia.

"Nilipita," alisema. "Nilipata C. Mwezi wa tano naenda chuo."

Kisilu alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akamweka yule twiga chini, akajifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi la mti, akalia.